Samoni Baada ya Mvua Kubwa: Mto Upi, Siku Ipi

Anga likitakata mjini Seattle baada ya mvua ya siku mbili tatu, huko milimani mito bado inapanda. Maji yaliyonyesha juu usiku huchukua saa nyingi kuteremka, na mara nyingi mto hufikia kilele wakati watu wa mjini wameshakunja miavuli. Ndiyo maana Jumamosi ya jua inayofuata Ijumaa ya mafuriko huwa siku ya kuchoma petroli bure. Anayetaka samoni ana maswali mawili tu ya kujiuliza: mto umeanza kushuka? Na kati ya mito iliyo karibu, upi utatakata kwanza?

Nawaandikia hasa wenzetu wanaoishi kusini mwa Seattle, yaani Tukwila, SeaTac, Kent na Auburn. Wengi wetu tulikulia kwenye changu na tasi wa pwani, wengine kwenye sato na sangara wa Ziwa Victoria, na wapo wa migebuka ya Tanganyika. Hapa tunavuka daraja kila asubuhi kwenda kazini bila kujua kuwa chini yetu samoni wanapita. Green River hupita Auburn, Kent na Tukwila, kisha hubadili jina na kuitwa Duwamish kabla ya kuingia baharini Seattle. Mwezi wa Oktoba samaki wa kilo tatu, nne na zaidi hupanda mto huo nyuma ya maghala ya Kent. Kinachotakiwa ni leseni, mshipi, na kuelewa mvua inafanya nini.

Mvua na samaki

Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini akiwa bado mdogo, hukaa huko mwaka mmoja au miaka kadhaa, kisha hurudi mto uleule kuzaa. Samoni wa Pasifiki akishazaa hufa. Njia ya kurudi huitafuta kwa pua: tangu miaka ya 1950 Arthur Hasler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba kila kijito kina harufu yake, na samaki huishika harufu hiyo kabla hajaondoka. Mvua kubwa huosha msitu na kuiteremsha harufu hiyo mpaka baharini. Wakati huohuo huyapoza maji na kuongeza kina, na palipokuwa panafika kifundoni panafika kiunoni. Samaki aliyekuwa anawaogopa tai na sili anapata pa kupita.

Vuli ya 2022 ilikuwa somo zuri. Mvua ilichelewa sana. Tarehe 16 Oktoba joto la Seattle lilifika nyuzi 31 za Selsiasi, jambo geni kabisa kwa mwezi huo. Mvua ya maana ikaja siku chache baadaye. Katika vuli kavu ya namna hiyo samoni hubaki milangoni mwa mito, wakipanda kidogo na maji kujaa, wakirudi na maji kupwa. Mtu wa pwani hapa yuko nyumbani: kabla ya mvua, mfuate samaki mlangoni saa mbili za mwisho za maji kujaa. Mvua ikishamiminika, mlangoni hapo hapana tena kitu. Samaki wako safarini.

Mvua ya kila mwezi huleta samaki wake. Ya mwisho wa Agosti na ya Septemba huwakuta chinuki, samoni wakubwa kuliko wote, na katika miaka witiri kama 2023 na 2025 huwakuta pinki kwa wingi wa ajabu, hasa Puyallup na Skykomish. Kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba ni zamu ya koho, na huyu ndiye samaki wa mvua hasa. Hakuna samoni anayesubiri maji kupanda kama koho. Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba ni chamu, mwenye michirizi ya zambarau ubavuni na meno ya kutisha. Baada yake, kuanzia Desemba, huja stilihedi, ambaye kwa spishi ni trauti yuleyule aliyepandikizwa na wakoloni katika vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, ila huyu huenda baharini na kurudi.

Usome mto ukiwa nyumbani

Idara ya Jiolojia ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi USGS, ina vipimo kwenye mito karibu yote utakayovua, na takwimu zake huwekwa mtandaoni mchana na usiku. Utaona namba mbili: kimo cha maji kwa futi, na wingi wa maji kwa futi za ujazo kwa sekunde. Mgeni hung'ang'ania namba. Mwenyeji hutazama mstari unaelekea wapi. Mstari ukipanda wima, kaa nyumbani. Ukifika kileleni na kulala, tayarisha vifaa. Ukishashuka mfululizo kwa siku moja au zaidi, nenda.

Sababu ni hii. Mto unapopanda hubeba majani, magogo na mchanga, na samaki hujificha ukingoni huku matamvua yakisumbuliwa na tope. Kula au kugombana na chambo si hamu yake. Maji yakianza kushuka husafiri kwa nguvu. Yakizidi kushuka na kutakata hupunguza mwendo, husimama kupumzika, na samoni aliyesimama ndiye anayekasirikia chambo. Nasema anakasirika kwa makusudi, kwa kuwa samoni akishaingia mtoni hali tena. Huuma kwa hasira, kwa mazoea, au kumfukuza mvamizi, na mgeni aliyetoka baharini juzi huuma kwa ukali kuliko aliyekaa mtoni wiki tatu.

Pamoja na vipimo hivyo kuna Kituo cha Utabiri wa Mito cha Kaskazini-Magharibi, tawi la Idara ya Hali ya Hewa, kinachochora mstari wa siku zijazo pamoja na kimo cha mafuriko. Kwa Skykomish pale Gold Bar kimo hicho ni futi 15. Kwa Skagit pale Mount Vernon ni futi 28. Utabiri ukikaribia namba hizo, usipange safari ya mto huo wiki hiyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau: theluji inaanzia kimo gani. Mvua ya baridi huanguka juu milimani kama theluji na kukaa huko, mto ukapanda kidogo tu. Mvua ya joto, ile inayovutwa na ukanda wa mvuke kutoka upande wa Hawaii, hunyesha mpaka vileleni na kuyeyusha hata theluji ya zamani. Milimita zilezile za mvua zinaweza kukupa mto mzuri siku inayofuata au mto usiovulika kwa siku kumi. Utabiri wa milimani hutaja kimo cha theluji. Uusome kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Na uwe na daftari. Kila uendapo mtoni andika namba ya kipimo na umbali uliouona ndani ya maji. Baada ya msimu mmoja utajua kwamba mto wako, ukiwa namba fulani na unashuka, unavulika. Daftari hilo litakufaa kuliko ushauri wa mtu yeyote, pamoja na mimi.

Foleni ya mito

Hapa ndipo wenye uzoefu huwaacha wengine. Mito haitakati siku moja. Ina foleni yake, na foleni hiyo haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwa sababu inatokana na udongo, urefu wa mto, barafu na mabwawa. Ukiijua, dhoruba moja inaweza kukupa siku tatu nne za uvuvi katika mito tofauti.

Wa kwanza ni mito mifupi yenye mawe na msitu. Huko magharibi ya mbali, kwenye rasi ya Olympic, mji wa Forks hupata takriban mita 3 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo watu wa huko wamelazimika kuwa mabingwa wa foleni. Sol Duc hutakata mapema kuliko majirani zake. Hufuata Calawah na Bogachiel. Hoh huwa wa mwisho, kwa sababu unatoka kwenye barafu za Mlima Olympus, ambazo husaga miamba ikawa unga, na unga huo huelea majini siku nyingi. Ukienda Forks mto uliotaka ukiwa mchafu, usigeuze gari kurudi Seattle, safari ya zaidi ya saa tatu. Ulizia Sol Duc.

Upande wetu wa Puget Sound, Skykomish huwahi kutakata kuliko Snoqualmie. Mito hii miwili huungana karibu na Monroe na kuwa Snohomish. Skykomish una mteremko na mawe makubwa. Snoqualmie chini ya maporomoko yake hutambaa kwenye bonde la mashamba, hufurika, na hubaki wa kahawia wakati mwenzake ameshakuwa kijani. Kwa hiyo vua juu ya makutano kwanza, teremkia Snohomish siku za baadaye.

Skagit una siri nzuri zaidi. Sehemu ya juu inashikwa na mabwawa matatu ya umeme ya jiji la Seattle: Ross, Diablo na Gorge. Tope hutua nyuma ya mabwawa hayo. Lakini pale Rockport mto huo hupokea Sauk, usio na bwawa, wenye maji ya barafu za Glacier Peak. Baada ya dhoruba unaweza kusimama Rockport ukaona mito miwili ndani ya mmoja, upande mmoja kijani, upande mwingine rangi ya chai ya maziwa. Sheria ikiruhusu, nenda juu ya makutano hayo, upande wa Marblemount, wakati wenzako wa chini wanasubiri wiki nzima.

Kusini, Cowlitz una habari kama hiyo. Mabwawa ya Mossyrock na Mayfield hutuliza maji, na watu huvua chini yake karibu na Salkum hata mito mingine yote ikiwa imechafuka. Tatizo ni Toutle, unaoingia Cowlitz karibu na Castle Rock: bado unateremsha majivu na mchanga wa mlipuko wa Mlima St. Helens wa mwaka 1980. Juu ya Toutle ni maji, chini yake ni zege.

Kwenye bonde la Chehalis hakuna barafu, ila mto mkuu ni mrefu, umelala, na hubaki mchafu muda mrefu. Achana nao kwanza, nenda kwenye matawi kama Satsop. Koho wa Satsop huchelewa, wengine wakiingia Novemba mvua zikiwa zimepamba moto, na huwa wakubwa. Puyallup, pamoja na White na Carbon inayoumwagia maji, hubeba unga wa barafu za Mlima Rainier. Tegemea maji ya kijivu karibu muda wote, na vua siku za baridi kali, maana barafu ikiacha kuyeyuka mto husafika kidogo.

Na Green River yetu? Juu yake kuna bwawa la Howard Hanson, lililojengwa na jeshi kuzuia mafuriko ya bonde la Kent na kuanza kazi miaka ya 1960. Wakati wa dhoruba bwawa huyazuia maji. Dhoruba ikipita huyaachia polepole ili nafasi ipatikane kwa dhoruba ijayo. Matokeo yake mto unaweza kubaki juu siku kadhaa kukiwa hakuna tone la mvua, na siku nyingine ukapanda ghafla chini ya jua. Usikisie. Kipimo cha Auburn ndicho cha kutazama.

Kama mito yote imeharibika, bado kuna bahari. Hoodsport, kwenye mkono wa bahari uitwao Hood Canal, kuna kituo cha kutotoleshea samaki kando kabisa ya maji ya chumvi, na chamu hurundikana mbele yake Oktoba na Novemba. Watu husimama bega kwa bega, mishipi hupishana, na ustaarabu hupungua. Mimi si shabiki wa mkusanyiko ule, lakini siku ambayo Skagit unabeba miti mizima, chamu wa Hoodsport hawana habari.

Ukifika mtoni

Kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, pima maji kwa kiatu. Tafuta ukingo usio na mkondo, ingia taratibu ukiangalia ncha ya kiatu chako. Ikipotea maji hayajafika gotini, rudi garini. Ikipotea maji yakiwa gotini, unaweza kuvua kwa chambo kikubwa, hapo hapo kando. Ukiiona mpaka maji yanafika pajani na yana ukijani, umefika siku yenyewe, wala usihame mto huo kwenda kutafuta mwingine. Maji yakitakata kabisa hata ukahesabu mawe ya chini, samaki huwa na woga: vua alfajiri, mshipi mwembamba, chambo kidogo chenye rangi iliyofifia.

Kosa linaloonekana zaidi baada ya mvua ni mtu kuingia majini mpaka kiunoni kisha kurusha mbali katikati. Maji yakiwa makubwa, katikati ni mkondo wa kumchosha hata samaki. Samoni hupita kandokando, mara nyingi mita mbili tatu tu kutoka ukingoni, palepale ambapo mtu huyo amesimama. Kwa hiyo simama mbali kidogo na mto, nchi kavu, na mirusho ya kwanza iwe mifupi, sambamba na ukingo. Ndani ya kona ya mto, nyuma ya mwamba, mahali kijito kisafi kinapoingia, na mstari ule ambapo maji ya haraka yanasuguana na maji yaliyolala: hapo ndipo pa kuanzia. Mkia wa kidimbwi, pale kina kinapopungua kabla maji hayajaanza tena kukimbia, ni mahali pa kupumzikia samaki aliyemaliza kupanda kasi. Chamu hupapenda sana.

Koho ana tabia yake. Yeye hutafuta maji yaliyolala kabisa, yenye magogo na matawi, ambayo mgeni angedhani hayana uhai. Chambo kinachomuudhi ni ndoano yenye kichwa cha risasi na manyoya marefu, ya waridi au zambarau au nyeusi. Irushe karibu na gogo, iache izame ukihesabu mpaka tatu. Inua ncha ya fimbo kwa mshtuko mfupi, kisha ishushe huku ukizungusha rili mara moja kukusanya mshipi uliolegea. Rudia. Koho hushika chambo kinapoanguka, na mara nyingi hutasikia mvuto wowote. Utaona tu mshipi umeacha kushuka, au unasogea pembeni. Usingoje uthibitisho mwingine. Vuta.

Kwa maji machafu zaidi, chambo cha bati kinachozunguka, saizi kubwa, chenye rangi kali ya machungwa au kijani cha kung'aa, hufanya kazi kwa sababu samaki huyasikia mawimbi yake kabla ya kukiona. Pale sheria inaporuhusu chambo cha asili, mayai ya samoni yaliyotiwa chumvi na rangi, yakining'inia chini ya boya futi moja au mbili kutoka sakafuni, ni silaha kali kuliko zote. Harufu hufika pasipofika macho. Chubwi liwe zito kiasi cha kulifanya boya lisimame wima na kwenda mwendo wa maji, lisikokotwe. Ongeza uzito mto ukiwa juu, punguza kadiri unavyoshuka.

Kuhusu saa: alfajiri ni bora maji yakiwa safi. Maji yakiwa na ukungu, mchana mzima unavulika, tena adhuhuri, mwanga unapopenya, huweza kuishinda asubuhi. Watu waliokwenda kwao saa nne wamekosa mengi.

Sheria hubadilika usiku

Leseni inatolewa na idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, WDFW, na mwaka wake huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Pamoja nayo chukua kadi ya kuandikia samaki. Mtoto aliye chini ya miaka 15 halipi leseni, lakini kadi lazima awe nayo. Ukimtoa samoni na kuamua kumchukua, jaza kadi palepale, kabla hujarusha tena. Kuchelewa kujaza ni kosa linalotozwa faini, na askari wa wanyamapori huja kimya.

Kila mto una sheria zake, na ndani ya mto mmoja kuna vipande vilivyofungwa, hasa karibu na vituo vya kutotoleshea samaki na kwenye milango ya vijito. Sehemu nyingine ndoano hairuhusiwi kuwa na kijembe, nyingine chambo cha asili ni marufuku, nyingine huruhusiwi kuvua usiku. Idara hutoa amri za dharura katikati ya msimu, hivyo mto uliokuwa wazi Alhamisi unaweza kuwa umefungwa Ijumaa. Soma siku hiyohiyo unayotoka.

Tazama mgongo wa samaki, karibu na mkia. Wa kituo amekatwa pezi dogo la mafuta lililo hapo, wa asili analo. Katika mito mingi wa asili hurudishwa, na ni haki: chinuki wa Puget Sound wako kwenye orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini tangu 1999. Mrudishe bila kumtoa majini. Samaki aliyenaswa ubavuni au mkiani hurudishwa pia, hata kama ndoano ilimshika kwa bahati mbaya.

Ukikuta nyavu mtoni, usiziguse wala usiite polisi. Makabila ya wenyeji, kama Muckleshoot kwenye Green River na Quileute kule La Push, yana haki ya mkataba, na hukumu ya Jaji George Boldt ya mwaka 1974 ilithibitisha kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni yao. Waulize kwa adabu siku zao za nyavu. Siku mbili baada ya nyavu kutolewa, mto huwa na samaki wapya.

Maji ya Novemba ni ya baridi ya kuua. Ukivaa suruali ndefu za kuingilia majini, funga mkanda kiunoni ili zisijae maji ukianguka, chukua fimbo ya kutembelea, na uwe na mwenzako. Ukisimama kwenye kisiwa cha changarawe, weka jiwe kando ya maji na ulitazame kila mara. Likianza kuzama, ondoka hapohapo. Novemba 2021 mto Nooksack uliingia mpaka ndani ya miji ya Everson na Sumas.

Wa kula na wa kuacha

Samaki uliyemchukua mpige kichwani, mkate matamvua, mwache atoke damu majini kwa dakika chache, kisha mtie kwenye barafu. Nyama itabaki na rangi na haitanuka. Chagua mwenye tumbo jeupe na ngozi ya fedha. Aliyeshakuwa mweusi au mwekundu mwache azae, nyama yake imekwisha. Wamarekani wengi humdharau chamu, wakisema ni chakula cha mbwa. Chamu aliyeingia juzi, akikaushwa kwa moshi au akipikwa mchuzi wa nazi, atakuonyesha kwamba hukumu hiyo imetolewa na watu wasiojua kupika.

Mvua ina ubaya wake pia, na ubaya huo uko mjini. Kwa miaka mingi koho walioingia vijito vya Seattle kama Longfellow Creek walikuwa wakifa saa chache baada ya mvua, majike wakiwa bado na mayai tumboni. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa jimbo hili walitangaza sababu: kemikali inayotokana na matairi ya magari, huoshwa barabarani na mvua na kuingia kijitoni. Chamu haimdhuru hivyo. Vijito hivyo vya mjini havivuliwi. Ukiona koho anazunguka juu ya maji mdomo wazi, usimwokote, hata kama ni bure.

Na kwa mnaoishi karibu na Duwamish, hili ni muhimu kuliko yote niliyosema kuhusu chambo. Sehemu ya chini ya mto huo iko kwenye orodha ya serikali ya maeneo yaliyochafuliwa kwa sumu tangu 2001. Idara ya afya ya jimbo inasema samoni wanaopita hapo wanalika, kwa kuwa wamekulia baharini na hupita tu, ila chinuki aliwe kwa kiasi. Samaki wanaoishi humo mwaka mzima, kaa na chaza wa hapo wasiliwe kabisa, na wajawazito na watoto ndio wa kulindwa kwanza. Ukimwona jirani yetu ameteremsha mtego wa kaa pale, mwambie kwa Kiswahili, kwa sababu mabango mengine huenda hakuyasoma.